K. wa kidato cha nne: anza kwa kuvua hiyo bendeji

Swali

"Daktari, hujambo. Nina miaka 17, niko kidato cha nne katika shule ya bweni ya wasichana huku kaunti ya Nakuru. Tangu darasa la tano najihisi mvulana. Sijui nieleze vipi. Nikivaa sketi ni kama nimeazima nguo za mtu. Matiti yalipoanza kuota nililia wiki nzima, mama akadhani nimepoteza karo. Siku hizi najifunga bendeji kifuani chini ya sweta kuanzia asubuhi hadi baada ya prepu. Siku za hedhi siogi na wenzangu, naamka saa kumi alfajiri nioge peke yangu. Mama ni mwalimu wa shule ya Jumapili. Rafiki mmoja niliyemwambia alisema hili ni pepo, nimwone pasta. Nimesoma kwenye simu kwamba kuna homoni. Je, mimi ni mgonjwa? Ni huntha? Nimwambie mama? Nikifika miaka 18 naweza kuchukua kitambulisho cha mvulana? Kuna usiku natamani nilale nisiamke. K."

Jibu

K. mwanangu,

Naanza na mstari wako wa mwisho, ule ulioutia mkiani kana kwamba ni salamu za kuagana. Nimesoma barua nyingi za aina hii. Mtu anaandika kurasa mbili za homoni na kitambulisho, halafu kilichomfanya ashike kalamu kinajificha pale anapoaga. Kwa hiyo nakuuliza waziwazi, kama ambavyo ningekuuliza ukiwa umeketi mbele yangu: unawaza kujiua, au umechoka na unatamani tu mambo yanyamaze? Umewahi kupanga utafanyaje? Usidhani kukuuliza hivi kunakutia wazo ambalo hukuwa nalo. Watu wengi wakiulizwa hivi hushusha pumzi.

Kama jibu ni ndiyo, haya mengine yote yangoje. Mwambie mtu mzima leo. Nambari 116 ni ya bure, inapokea usiku na mchana, na ni ya watoto na vijana. Nambari hiyo hiyo inatumika Kenya, Tanzania na Uganda. Befrienders Kenya, kwa 0722 178 177, huwasikiliza watu wa umri wowote walio na mawazo ya kujiua. Najua shuleni huna simu, na barua hii bila shaka umeiandika ukiwa nyumbani. Ukirudi shule, mwendee metroni au mwalimu wa ushauri nasaha na umwambie maneno haya tu: "Nina mawazo ya kujidhuru, naomba leo nisilale peke yangu." Hulazimiki kutaja sababu. Ukiulizwa, sema utaieleza kwa mshauri. Polisi nao wasikutishe. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, Mahakama Kuu ilitangaza Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba.

Sasa bendeji.

Miaka kadhaa nyuma niliitwa kuzungumza na mwanafunzi aliyeanguka kwenye paredi ya asubuhi. Muuguzi alipoinua sweta alikuta bendeji imezungushwa mara sita na kushikizwa kwa pini mbili. Ilipofunguliwa, ngozi ya chini ilikuwa na mistari kama mtu aliyelalia mkeka wiki nzima, na chini ya kwapa la kushoto palikuwa na kidonda kilichoanza kunuka. Alikuwa na miaka 16. Hakulia kwa maumivu, alilia kwa sababu ilifunguliwa mbele ya watu.

Bendeji ilitengenezwa kwa ajili ya kifundo cha mguu kilichoteguka. Kifuani haitulii. Ukipumua, ukiinama, ukipanda ngazi, inajikunja na kukaza mahali pamoja, na mbavu zinakosa nafasi ya kutanuka. Uchunguzi mmoja uliowahoji watu zaidi ya 1,800 wanaobana kifua ulikuta asilimia 97 wamepata angalau tatizo moja, hasa maumivu ya mgongo, joto kali, maumivu ya kifua na kukosa pumzi. Wewe unaifunga kuanzia saa kumi na moja asubuhi hadi saa nne usiku. Hizo ni saa kumi na saba.

Sikuambii uache kuficha kifua chako, maana najua hutaacha, na najua kwamba bila kukificha huenda usiingie darasani kabisa. Nakuambia ubadilishe kifaa. Sidiria ya michezo ya saizi yako (wala si ndogo kwa saizi mbili) inabana vya kutosha chini ya shati na sweta. Juu yake vaa fulana nzito, na sweta iwe kubwa kwa saizi moja. Wapo wanaotumia kivazi maalumu wanachokiita bainda, na hicho nacho kina masharti yake: kisizidi saa nane kwa siku, usilale nacho, usikimbie nacho uwanjani, na kifua kipate siku ya kupumzika kila wiki. Ukihisi ganzi mikononi, kichomi au pumzi fupi, vua hapo hapo, kohoa na uvute hewa ndani mara kadhaa. Ikiwa tayari una kidonda, au mbavu zinauma ukizigusa, nenda zahanati. Muuguzi akiuliza, "nilikuwa najibana" ni jibu kamili.

Kuhusu hedhi, jambo ambalo huenda hujaambiwa ni kwamba zipo dawa za kuipunguza au kuisimamisha kwa muda, na wanaopewa zaidi ni wasichana wa kawaida kabisa wanaovuja damu nyingi au wanaoumwa tumbo hadi kukosa masomo. Kama siku zako ni nzito au zina maumivu, una sababu halali ya kumwona daktari pamoja na mama yako bila kufungua mlango mwingine wowote. Usinunue sindano wala vidonge dukani kwa kuiga mtu. Na saa kumi alfajiri si saa ya mtahiniwa kuamka. Mwombe metroni nafasi ya kuoga peke yako, kwa mfano wakati wa michezo jioni. Wako wasichana wengi wenye haya ya mwili walioomba hivyo na wakakubaliwa, kwa hiyo ombi lako halitaonekana geni.

Nimetumia maneno mengi juu ya kifua na bafu kabla ya kufika kwenye "mimi ni nani?" kwa makusudi. Barua yako imebeba maswali mawili uliyoyafunga pamoja kama ile bendeji: wewe ni nani, na utaipitaje wiki hii. Unadhani hili la pili haliwezi kupumzika mpaka la kwanza lijibiwe. Linaweza. Uchungu unatibika hata kabla ya jina lake kupatikana, na ukishapungua, utajitazama kwa macho yaliyotulia zaidi.

Je, wewe ni mgonjwa? Hali unayoieleza, ya mwili na jinsia uliyoandikiwa ulipozaliwa kukataa kulingana na unavyojijua, wataalamu huita uchungu wake disforia ya jinsia. Madaktari wa akili wa Marekani walichagua jina hilo mwaka 2013 badala ya lile la zamani lililoiita vurugu ya utambulisho, wakimaanisha kwamba kinachotibiwa ni uchungu, mtu mwenyewe hana cha kutibiwa. Shirika la Afya Duniani likaenda mbele zaidi. Katika orodha yake ya magonjwa ya toleo la 11, iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, hali hii iliondolewa katika sura ya magonjwa ya akili na kuhamishiwa sura ya afya ya kijinsia. Orodha hiyo hiyo inaonya kwamba tabia na mapendeleo pekee hayatoshi. Msichana anayependa mpira, nywele fupi na suruali hawi mvulana kwa sababu hiyo, na daktari makini hawezi kukubandika jina kwa kuyatazama hayo tu. Anachotafuta ni kutolingana kunakodumu, kunakokukaa mwilini na kukunyima maisha. Kwa maelezo yako, miaka ipatayo saba sasa, una kila sababu ya kumwona mtaalamu. Kukupa jina hilo kwa barua ni jambo nisiloweza kulifanya, na atakayekupa kwa ujumbe wa WhatsApp mwogope.

Huntha ni jambo jingine. Huyo ni mtu ambaye mwili wenyewe, viungo, homoni au kromosomu, umezaliwa na dalili zisizoangukia wazi upande wa kike au wa kiume. Sheria ya Kiislamu imelijua neno hili kwa karne nyingi na kuandika hata mirathi yake, na sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu watu 1,524 wa aina hiyo. Mtu anaweza kuwa huntha bila kuwa na disforia, na disforia bila kuwa huntha. Kama ulivunja ungo kwa wakati na hedhi inakuja kila mwezi, uwezekano wa kuwa huntha ni mdogo, ingawa daktari ndiye wa kusema.

Kuhusu pepo, mimi si mchungaji na sitabishana na rafiki yako Biblia kwa Biblia. Nitakwambia nilichokiona kazini. Ziko sala zilizomfanya kijana alale usingizi. Na ziko "maombi" ambayo kijana alishikwa na watu wanne, akanyimwa chakula siku tatu, akarudi nyumbani na hali ile ile pamoja na hofu mpya ya kanisa. Mtu akikuombea nawe ukaondoka umetulia, mpokee. Akitaka kukufunga, kukupiga, kukufungia chumbani au kukunyima chakula, hiyo ni dhuluma dhidi ya mtoto, awe amevaa kola au hajavaa.

Hapa nina neno la pembeni kuhusu lugha yetu, maana wewe umeniandikia kwa Kiswahili na bila shaka umesoma haya kwa Kiingereza, ambako vita vikubwa ni vya neno gani litumike kumtaja mtu. Kiswahili hakina vita hiyo. "Yeye" ni yeye. "Amekuja", "mwanangu", "mwenzetu", "ndugu", "mjukuu wangu", vyote havimuulizi mtu ana nini chini ya nguo. Kinachochoma kwetu ni maneno machache: dada, binti, "siste" ya makanga, "wasichana simameni" ya mwalimu wa zamu. Mteja wangu mmoja aligundua kwamba nyanyake alikuwa akimwita "mwenzangu" tangu utotoni, akaniambia ndiyo sababu kila likizo alikuwa akikimbilia kwa nyanya. Chunguza nani nyumbani kwenu anakuita kwa neno lisilokuumiza. Huenda hajui lolote, lakini kwake unapata kupumua.

Hili la kuitwa si dogo. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa 2018 uliwahoji vijana 129 wenye hali kama yako, wakiwemo walioteua jina jipya. Waliuliza jina hilo linatumiwa wapi: nyumbani, shuleni, kazini, kwa marafiki. Kila mahali pamoja zaidi palipolitumia paliambatana na mawazo ya kujiua kupungua kwa asilimia 29. Kuambatana si kusababisha, na Marekani si Nakuru. Hata hivyo nimeona kwa macho yangu kijana akibadilika kwa sababu ya mtu mmoja tu, binamu, aliyekubali kumwita vile anavyotaka wakiwa wawili jikoni.

Sasa kosa langu, ili ujue unapokea ushauri wa nani. Mwanzoni mwa kazi yangu mama mmoja aliniletea mtoto wa miaka 15 mwenye habari inayofanana na yako, nami kwa ujasiri wa cheti kipya nikamwambia, "Mama, hii ni rika, itapita." Haikupita. Kilichopita ni imani ya yule mtoto kwamba mtu mzima anaweza kumsikiliza. Alirudi baada ya miaka minne akiwa na makovu mkononi. Tangu hapo sisemi itapita, wala sisemi haitapita. Nimewaona waliokua na kubaki wanaume kama walivyosema wakiwa na miaka 12. Nimemwona pia aliyegundua kwamba alichokuwa akikimbia ni mwili ulioguswa na mjomba, na wawili watatu walioishia kusema wao ni wanawake wasiopenda sketi, basi. Wote walihitaji kitu kimoja wakiwa na miaka 17: mtu asiyewaharakisha kwenda upande wowote.

Tafuta huyo mtu. Shuleni, anza na mwalimu wa ushauri nasaha iwapo hana mdomo wa kusimulia staffroom. Mpime kwanza kwa jambo dogo, umwambie siri isiyo na uzito na usikilize kama itakurudia kupitia mdomo mwingine. Nje ya shule, hospitali kubwa za kaunti zina wanasaikolojia, na kazi yao Kenya inasimamiwa na Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014. Ukiketi tu, kabla ya kueleza lolote, uliza: "Nikikuambia jambo, ni lipi utalazimika kumwambia mzazi wangu?" Jibu zuri ni kwamba siri inavunjwa ukiwa hatarini kujiua, kuumizwa na mtu au kuumiza mtu. Akibabaika, zungumzia usingizi na mitihani, uondoke. Na zipo jumuiya za watu wenye maisha haya. Jinsiangu ya Nairobi, ambayo hata jina lake limeundwa kwa kuunganisha "jinsia" na "yangu", ni mojawapo. Nakushauri uwafikie ukishatimiza miaka 18, au ukiwa na mtu mzima unayemwamini.

Mama.

Umeuliza "nimwambie?" kana kwamba ni mlango mmoja, ama umefungwa ama umefunguliwa. Kwanza pima upepo. Siku habari ya mtu wa namna hii ikitajwa redioni au kanisani, usiseme kitu, mtazame mama. Anacheka? Analaani? Anasema "ni mtoto wa mtu"? Mama akisema hilo la mwisho, hata akiwa mwalimu wa shule ya Jumapili, una pa kuanzia. Pili, tazama unachomtegemea kwacho. Yeye ndiye anayelipa karo, na paa ni lake. Kama kuna uwezekano wa kufukuzwa au kupigwa, kuchelewa kusema hadi umalize KCSE si uongo wala si woga. Ni hesabu. Kabla ya kusema lolote, ujue ungelala wapi usiku huo mambo yakiharibika, na uwe na nauli ya kukufikisha huko.

Ukiamua kusema, usianze na neno ulilolisoma kwenye simu. Mzazi akisikia "transjenda", masikio yanajaa kila uvumi aliowahi kuusikia, na wewe unapotea humo ndani. Anza na uchungu, kwa sababu uchungu wa mtoto kila mama anaujua. "Mama, tangu darasa la tano kuna jambo linalonisumbua kuhusu mwili wangu. Silali vizuri. Sijafanya kosa lolote na hakuna mtu amenidanganya. Naomba tumwone daktari pamoja." Halafu nyamaza. Akilia, mwache alie. Akiuliza nani amekuharibu, rudia kwamba hakuna. Jibu lake la kwanza mara nyingi si jibu lake la mwisho. Nina akina mama waliotoka ofisini kwangu wakibamiza mlango, wakarudi baada ya miezi miwili wakiuliza saizi ya suruali.

Kuna hatari nyingine mbili sitaki kuziruka. Simu unayotumia, kama ni ya nyumbani, inakumbuka ulichotafuta. Futa historia, na usimtumie mtu usiyewahi kumwona picha ya mwili wako hata akisema yuko kama wewe. Wapo wanaojifanya marafiki ili wapate cha kutishia nacho. Ya pili ni nzito zaidi. Akitokea mtu, hata ndugu, akasema atakulala ili "akutengeneze" uwe mwanamke kamili, hiyo ni ahadi ya ubakaji, na ubakaji ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Usibaki naye peke yako, na mwambie mtu mzima mara moja. Likitokea, Mungu apishe mbali, fika hospitali kabla ya saa 72 kupita, kabla hujaoga ikiwezekana. Upewe dawa za kuzuia VVU na mimba kwanza, mambo ya polisi yafuate.

Homoni. Mjadala unaousikia kutoka Uingereza, ambako ripoti ya daktari Hilary Cass ya Aprili 2024 ilisema ushahidi wa dawa za kuzuia balehe ni dhaifu, na huduma ya afya ya umma ilikuwa imeacha kuzitoa kwa kawaida mwezi mmoja kabla yake, unahusu watoto ambao balehe yao ndiyo kwanza inaanza. Wewe balehe imekwisha kupita, kwa hiyo hilo si lako. Kinachoweza kukuhusu siku za mbele ni testosteroni. Inafanya sauti kuwa nzito, inaotesha ndevu na kuongeza misuli, na kwa wengi husimamisha hedhi baada ya miezi kadhaa. Sauti ikishashuka hairudi hata ukiacha dawa. Inaweza kuathiri uwezo wa kuzaa, lakini si kinga ya mimba. Inafanya damu kuwa nzito, ndiyo maana anayeitumia hupimwa damu mara kwa mara. Kenya madaktari wa homoni ni wachache, wengi wako Nairobi, na hakuna anayepaswa kumwanzishia mwanafunzi wa miaka 17 bila mzazi na bila tathmini. Chupa zinazouzwa kwenye jimu huwezi kujua zina nini. Sisemi usahau. Nasema ni swali la kumuuliza daktari, ana kwa ana, ukiwa mtu mzima uliyelala usingizi wa kutosha.

Na kitambulisho. Ukitimiza miaka 18 utakichukua kwa cheti chako cha kuzaliwa, na jinsia itakayoandikwa ni ya kwenye cheti hicho. Jina ni rahisi zaidi: mtu mzima anaweza kulibadilisha kwa hati ya kisheria iliyosajiliwa na kutangazwa katika gazeti rasmi la serikali. Kubadilisha alama ya jinsia hakuna utaratibu ulio wazi, na waliojaribu wamepitia mahakamani. Kesi inayojulikana zaidi ni ya Audrey Mbugua, aliyefanya KCSE akiwa na jina la kiume na kuishi kama mwanamke. Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir aliliamuru Baraza la Mitihani limpe cheti chenye jina jipya kisicho na alama ya jinsia, akiona kwamba alama hiyo si ya lazima kwenye cheti cha mtihani. Mtahiniwa hapimwi kwa jinsia, anapimwa kwa alichoandika. Kwa hiyo, fanya mtihani kwa jina ulilosajiliwa nalo. Usiharibu fomu, usiache nafasi wazi, usibishane na msimamizi. Cheti kinaweza kufuatiliwa baadaye, mtihani ambao haukufanywa ni vigumu.

Kuhusu sheria kwa jumla, kwa kuwa sauti za barazani zinatisha: hakuna sheria ya Kenya inayosema kujihisi au kuishi hivi ni kosa. Kinachoadhibiwa na kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ni vitendo vya kingono vinavyoitwa "kinyume cha maumbile", na Mahakama Kuu ilikiacha kifungu hicho kama kilivyo Mei 2019. Watu huchanganya mambo hayo mawili, polisi wakiwemo. Anayenisoma akiwa Uganda ajue kwamba sheria ya 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja imefanya mambo kuwa makali zaidi huko, na achague kwa uangalifu mara mbili nani wa kumweleza.

Una wiki kadhaa kabla shule kufunguliwa. Nunua sidiria ya michezo sokoni, waambie wauzaji ni ya netiboli. Katika daftari la nyuma, lisilo na jina, andika kila jioni saa ngapi uchungu ulikuwa mkali na nini kilitangulia: kioo, kuitwa, kuoga, picha ya darasa. Baada ya siku kumi utaona kwamba haukukai siku nzima kama unavyodhani. Una saa zake. Daftari hilo utampa mwanasaikolojia, na litamsaidia kuliko maelezo ya kukumbuka. Mpe nyanya au shangazi anayekuita vizuri siku mbili za likizo. Na lile la usiku, kama bado lipo, 116.

Ukiniandikia tena, niambie kidonda kiko vipi kama kipo, na unalala saa ngapi. Niambie pia ungependa nikuite nani. Nimekuita K. kwa sababu ndiyo herufi uliyonipa.